Dakika Tatu za Kimya

Ukutani mwa chumba cha redio palikuwa na saa yenye vipande vya kijani, kimoja juu kabisa, kingine chini kabisa. Mshale mrefu ukiingia kwenye kijani, hapakuwa na ruhusa ya kuzungumza kwenye kilohezi 2182. Dakika tatu, kila saa na kila nusu saa, vyombo vyote vilinyamaza kusikiliza kama kuna anayeomba msaada.

Mwaka 1987 nilikuwa baharia kijana kwenye meli ndogo ya mizigo, Tanga kwenda Pemba. Nahodha wetu hakung'oa nanga mpaka asikie sauti ya mtu wa mbali. Chombo kilichofungwa ubavuni mwetu kikimjibu, hakuridhika. "Huyo hata kwa mdomo ananisikia, mwanangu. Niitie wa mbali."

Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa kimataifa wa usalama baharini ulianza kutumika kikamilifu, na saa ile ikakosa kazi. Siubezi mfumo huo. Kifungo chekundu kikibonyezwa na kushikiliwa, namba ya chombo yenye tarakimu tisa na mahali kilipo vinarushwa kupitia chaneli 70, hata kama aliyebonyeza hana tena sauti. Kimeokoa watu. Ila taa ya kijani ikiwaka kwenye redio, tunaamini kila kitu ni kizima, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilikwisha kuwa fundi wakati huo. Boti ilikuwa na haraka ya maji kujaa. Niliita boti jirani hapo hapo gatini, kwa wati 1, nikajibiwa, "Nakupata vizuri, ova." Nikatia saini. Sikupanda mlingotini. Huko juu, kwenye kiungo cha waya wa antena, chumvi ilikwisha penya na shaba kugeuka unga wa kijani.

Injini ya boti ile ilizima katika mkondo wa Pemba, msimu wa kusi. Mabaharia wake waliita kwenye chaneli 16 mpaka betri ikachoka. Wao waliwasikia wengine wakizungumza. Wao hawakusikiwa na mtu. Maji yaliwavuta kaskazini usiku kucha, hadi wavuvi walipoona tochi yao. Walirudi wote, alhamdulillahi. Nahodha wao hakunigombeza. Alinikabidhi kipande cha waya ule, akaenda zake. Ninacho hadi leo.

Sasa naanzia mlingotini. Naita kituo cha mbali kwa wati 25, namuuliza ananipataje, nangoja. Mtambo wa AIS, unaotangaza jina la chombo na mahali kilipo, nao siuamini kwa skrini yangu mwenyewe. Naomba chombo kingine kinisomee jina na mahali wanaponiona, maana wapo wanaosafiri na jina la mwenye boti wa zamani.

Wiki iliyopita niliitwa kukagua boti iliyonunuliwa ng'ambo. Boya la dharura lilikuwa zima: nilibonyeza kifungo cha majaribio, taa ikamweka, tarehe ya betri bado. Kijana wa boti akaninyooshea karatasi nitie saini. Nikamwomba kwanza hati ya usajili wa boya, kwa kuwa boya likilia, waokoaji huanza kwa kupiga simu iliyoandikwa pale. Ilikuwa namba ya mwenye boti wa kwanza. Nikaipiga. Haikupatikana.