Manzese: Mvule Umekwenda, Jina Limebaki

Jumamosi moja asubuhi tulivuka Barabara ya Morogoro, tukaingia vichochoro vya Manzese pamoja na watoto wetu. Tulikuwa tukitafuta mti mmoja tu: mvule. Mtaa wenyewe unaitwa Mvuleni. Tulikuta mabati, mafundi wa kuchomelea na magunia ya makaa, mvule hatukuuona.

Tulimwamkia mzee mmoja aliyeketi barazani, tukamweleza haja yetu. Akacheka kwa upole. “Wajukuu zangu, mti umekwenda, jina limebaki.”

Mji wetu umejaa majina ya namna hiyo. Mikocheni hutaja mikoche, Mkwajuni mkwaju, Mbuyuni mbuyu. Majina hayo ni ramani ya kwanza ya uoto, lakini ina upungufu. Haitenganishi mti uliopo na uliokwisha, wala wa asili na wa kuletwa. Hapo Manzese, mbali na Mvuleni, kuna mitaa kama Midizini na Mnazi Mmoja. Mvule ni mwenyeji wa Afrika, ilhali mgomba na mnazi ililetwa na wanadamu.

Kwa hiyo wataalamu huchora ramani nyingine. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefariki mwaka 1946, aliacha ramani ya aina za uoto wa Tanganyika, ikachapishwa mwaka 1949. Karibu na zama zetu, wapimaji walizunguka nchi nzima wakipima unene wa mashina, huku picha za setilaiti zikiwaongoza. Tathmini hiyo ya taifa, iliyotolewa mwaka 2015, ilikadiria hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti.

Katika ramani ya namna hiyo Manzese ni doa la majengo. Doa la kijani lisilo mbali nasi ni Pori la Akiba la Pande, kaskazini ya Mbezi: kipande cha msitu wa pwani, takriban kilomita za mraba 12. Misitu ya pwani yetu ni vipande vidogo vilivyotawanyika, nayo ina mimea isiyoota kwingineko duniani. Kipande kisichochorwa hukatwa viwanja kimyakimya. Kilichochorwa huwa na mpaka wa kutetewa.

Hapo ndipo majiko yetu yanapohusika. Kila gunia la makaa tuliloliona Mvuleni lilikuwa miti iliyosimama mahali fulani kwenye ramani hiyo.

Tulipoaga, mtoto mmoja akauliza: “Babu, mvule unafananaje?” Mzee akaeleza shina na kivuli chake. Sisi wazazi tulinyamaza, kwa kuwa hatukujua.

Tumeazimia, inshaallah, kuketi na wazee wetu na kuandika: mti gani wa asili ulikuwa wapi, na kama bado upo. Ardhi ni amana, na amana isiyojulikana hailindiki.