Alama 35

Ombi la kuchukua data kwenye hifadhi ya wingu lina mstari ambao wengi wetu huunakili bila kuusoma. Unaitwa Accept. Hapo ndipo unapoiambia seva: nijibu kwa umbo hili. Katika huduma ya majedwali ya Microsoft Azure, ninayoitumia kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamili, ukishaomba JSON bado unatakiwa kuchagua moja kati ya maneno matatu: nometadata, minimalmetadata au fullmetadata. Yaani jibu lije tupu, lije na maelezo machache, au lije na maelezo yote. Ni jambo la dakika moja, kwa kawaida. Mimi limenichukua msimu mzima wa mahindi huku nyumbani Peramiho.

Waliotutangulia walikuwa na chaguo dogo zaidi. Huduma hiyo ilikuwa ikijibu kwa Atom, ambayo ni XML, kila jina la safu likitajwa mara mbili, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. JSON ilikuja na toleo la 2013-08-15, na tangu toleo la 2015-12-11 Atom haitumiki tena. Sina hamu nayo. Ila ilikuwa na adabu moja: thamani yoyote isiyo maandishi ya kawaida ilikuja imetajwa aina yake, hii tarehe, hii namba.

Data zangu ni za kikundi cha wakulima. Mkulima akileta mahindi ghalani, mtunza ghala anapima na kuingiza kwenye simu tarehe na saa, kilo, namba ya stakabadhi na namba ya NIDA. Anayeleta kabla ya saa tano asubuhi anaingia kwenye malipo ya wiki ile. Anayechelewa anasubiri wiki inayofuata. Kwa mtu anayedaiwa ada ya mtoto, wiki moja ni ndefu. Bando la simu hiyo hununuliwa kwa fedha za kikundi, na katibu wake ni shangazi yangu, ambaye huuliza kila vocha imekwenda wapi.

Kwa hiyo nilianza kwa kuhesabu. Ukichagua maelezo machache, kila mstari wenye tarehe huongezewa maneno haya: "Tarehe@odata.type":"Edm.DateTime", na mkato wake. Ni alama 35. Seva hutoa mistari isiyozidi 1,000 kwa jibu moja, hivyo tarehe peke yake huongeza alama 35,000. Nikubali kwamba picha moja ya harusi kwenye WhatsApp huzidi hapo. Lakini picha ya harusi inaweza kusubiri mtandao urudi. Foleni ya magunia haisubiri.

Ukichagua jibu tupu, alama hizo hazipo, na tarehe inafika hivi: "2024-06-12T06:00:00Z". Imefungwa kwenye alama za kunukuu kama jina la mtu. Programu isiyoambiwa kuwa hii ni tarehe itaionyesha kama ilivyo. Sasa angalia hiyo 06:00. Ni saa ya dunia, ile Z ya mwishoni ndiyo inayosema hivyo. Saa ya simu hapa kwetu ilikuwa 9:00. Mkulima mwenyewe atakuambia alifika saa tatu. Saa moja, tarakimu tatu tofauti, na iliyoandikwa kwenye kioo ni sita. Saa sita kwa mtu yeyote wa huku ni mchana, na mchana ni baada ya saa tano.

Namba nazo zina mambo yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Namba nzima kubwa kabisa ambayo jedwali linaweza kubeba, Int64, huishia kwenye tarakimu 19, hivyo NIDA lazima ihifadhiwe kama maandishi. Stakabadhi tumeihifadhi kama Int64, lakini JSON huirudisha ndani ya alama za kunukuu pia, kwa sababu JavaScript haina uhakika na namba nzima zinazopita 9,007,199,254,740,991. Kwenye jibu tupu, basi, stakabadhi na NIDA zinafanana kama pacha. Kwenye maelezo machache, stakabadhi huja na aina yake na NIDA huja bila kitu, na kutokuwa na kitu huko nako ni taarifa.

Msimamizi wangu alitaka umbo moja kila mahali, ili sura ya tatu ya tasnifu iwe fupi. Sikukubaliana naye. Programu iliyo kwenye simu niliiandika mwenyewe. Inajua safu ipi ni tarehe, na hugeuza saa yenyewe. Hiyo ipewe jibu tupu. Nakala ya mwisho wa msimu, itakayobaki na kikundi mimi nikiwa nimeondoka, itasomwa na mtu nisiyemjua. Hiyo ije na maelezo machache. Yale maelezo yote niliyaacha: huongeza anwani ya kila mstari kwenye seva, na akaunti ikifungwa anwani hizo hazifungui mlango wowote.

Shangazi hakuhitaji kushawishiwa. Kwenye kaunta buku lake huandika vichwa vya safu juu ya kila ukurasa, na mjomba humtania kwamba anamaliza wino. Kisa chake ni msimu mmoja ambapo ukurasa ulichanika na kubaki na "3" mbele ya jina la mtu. Magunia matatu ya kawaida, au lumbesa? Waliamuliwa na mzee wa kitongoji, na hadi leo nyumba mbili hazisalimiani vizuri.

Nilipompa nakala kwenye flashi aliipeleka steshenari ichapishwe, maana kitu kisichoshikika hakiamini. Alirudi na bunda la karatasi, akaketi barazani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii Edm.DateTime ndiyo nini, mwanangu?"

"Inasema kinachofuata ni tarehe, shangazi. Saa yake uongeze tatu."

Akachukua kalamu, akaandika pembeni: tarehe, ongeza 3. Kisha akafunua ukurasa wa pili, akaandika tena.