Barua za Macho Kutoka Ujerumani

Kijerumani nilikisomea Goethe-Institut, Maendeleo House, Nairobi, nikiwa na nia ya kuongoza watalii Pwani. Riziki ikanielekeza kwingine. Nilifundisha kidogo, kisha nikaanza kutafsiri barua za hospitali kwenda Kiingereza, na za macho zikawa nyingi kuliko zote. Mzee alipougua nikarudi Sondu, kazi ikanifuata kwa barua pepe. Meza yangu iko dirishani, inatazama barabara ya Kisii. Siku ya soko naamka alfajiri nimalize kabla ya makelele ya matatu.

Wengi wanaonitumia barua ni Wakenya waliopasuliwa macho Ujerumani wakarejea nyumbani. Daktari wa Kisumu anataka kujua walifanyiwa nini.

Watu hudhani kazi ngumu ni yale maneno marefu ya Kijerumani. Wapi! Hayo yamo kwenye kamusi. Konea wanaiita Hornhaut, ngozi ya pembe. Retina ni Netzhaut, ngozi ya wavu. Pa kuwa macho ni kwenye neno Star, linalobeba magonjwa mawili tofauti. Grauer Star, ya kijivu, ni mtoto wa jicho: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, ikawekwa bandia, na mara nyingi mtu akaona tena. Grüner Star, ya kijani, ni glakoma, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Albrecht von Graefe wa Berlin alitangaza upasuaji wa glakoma mwaka 1857, lakini hadi leo madaktari huokoa kile kilichobaki tu.

Jasho hasa linanitoka kwenye vifupisho. Chukua mstari huu: "RA 0,5, LA FZ, HKL +21,5". RA ni jicho la kulia, LA la kushoto. Mkato ule ni nukta ya desimali, na 0,5 kwa vipimo vyetu ni 6/12: mgonjwa anasoma akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 12. FZ maana yake jicho linahesabu vidole tu. HKL ni lenzi bandia iliyokaa nyuma ya mboni, na +21,5 ni nguvu yake. Halafu kuna o.B., herufi mbili tu. Ukizitafsiri neno kwa neno utaandika "bila matokeo", na msomaji atadhani jicho halikupimwa. Kumbe limepimwa na halina kasoro.

Ninapokwama humwendea afisa wa kliniki ya macho niliyezoeana naye. Siku moja nilimsomea aya niliyoipamba kwa Kiingereza safi, akanikatiza.

"Mwalimu, hayo maua peleka shuleni. Niambie jicho gani, lenzi gani, presha ngapi."

Tangu hapo mambo hayo matatu nayaweka juu kabisa ya ukurasa, na namba nazisoma kwa sauti mara mbili kabla ya kutuma.

Nawe uliyepasuliwa jicho ugenini, usiondoke bila Implantatpass, ile kadi inayoonyesha lenzi uliyowekewa. Ukija kwa mtafsiri, lete kadi hiyo pamoja na barua asilia. Na ukienda kwa daktari, mpe tafsiri na barua yenyewe kwa pamoja, kwa maana namba anaweza kuzisoma mwenyewe.