Mtawanya: Bibi anasimulia, kamera inaomba chaji

Magari ya Kibiti huondoka Mbagala Rangi Tatu tangu alfajiri. Wajukuu wanaokwenda kuwasalimia wazee wao Mtawanya hupanda hapo na mizigo ile ile ya siku zote: sukari, sabuni, khanga ya bibi. Siku hizi katika begi huwamo pia kamera ndogo ya mfukoni. Kamera hizi, Canon IXUS, Nikon Coolpix, Sony Cyber-shot na wenzake, zilinunuliwa zamani kwa ajili ya harusi na sikukuu. Simu zilipoanza kutoa picha nzuri zikatupwa kabatini. Sasa vijana wamezifufua, maana wanapenda rangi zake na zumu yake ya lenzi ya kweli.

Safari ya Barabara ya Kilwa huchukua saa tatu hivi, kupitia Mkuranga, Kimanzichana na Bungu. Kijana amekaa dirishani, kamera imewaka. Anapiga video ya mikorosho, ya minazi, ya wauza korosho wanaokimbilia gari. Gari linapoingia Kibiti, alama ya betri kwenye kioo imeshaanza kuwa nyekundu, na bibi bado hajaonekana.

Mtawanya ni kata ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mtu wa mbali akisikia Kibiti huwaza mikoko na mitumbwi tu, lakini sehemu kubwa ya maisha ya huku ni ya shamba: korosho, mihogo, nazi, maembe. Mgeni hafiki akaanza kupiga picha. Anaamkia kwanza. Shikamoo ya bibi, ya babu, ya shangazi aliyekuja kutoka nyumba ya pili, kisha habari za mjini, habari za watoto, habari za mgonjwa. Yote hayo yanapoendelea, kamera mkononi imeachwa wazi, kioo kinawaka, lenzi imetoka nje. Hairekodi chochote na inakula chaji.

Ndipo bibi anaanza. Wazee wengi wa Rufiji wana simulizi moja kubwa, nayo ni ya mafuriko ya mwaka 1968 na yaliyofuata. Watu waliokuwa wakiishi bondeni, jirani na mashamba yao ya mpunga, walihamishwa na serikali kwenda kwenye vijiji vya mwinuko. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amevuka 70. Mzee wa namna hiyo hasimulii kwa haraka. Anaanza na ukoo, nani alimwoa nani, shamba la nani lilipakana na la nani, ndipo maji yaje. Maji yanapokuja, kamera inalia mara moja na kuzima.

"Mbona umefunga?"

"Imeisha chaji, bibi."

"Haya, tule kwanza."

Jioni bibi akiombwa kurudia, anarudia, lakini kwa ufupi. Kile kipande cha ukoo anakiruka, kwa sababu anajua wameshakisikia.

Kwa nini kamera hufa mapema hivi? Wengi hulaumu betri kuukuu, na mara nyingine ni kweli. Sababu kubwa zaidi ni kwamba video ni kazi nyingine kabisa. Picha ya mnato ni tendo la mara moja. Kwenye video, kihisi kinasoma mwanga mfululizo, kichakato kinabana picha 25 au 30 kila sekunde, kioo kinawaka muda wote, na injini ndogo ya lenzi inahangaika kutafuta umakini na kutuliza mtikisiko wa mkono. Nishati ya kufanya yote hayo ni kidogo mno. Betri ya NB-11LH, inayotumika kwenye baadhi ya Canon IXUS, ina mAh 800 kwa volti 3.6, ambayo haifiki hata wati-saa 3. Simu ya kawaida ya leo yenye betri ya mAh 5,000 ina kama wati-saa 19. Ndiyo maana aliyezoea kurekodi kwa simu hushangaa.

Tena ile namba iliyoandikwa kwenye boksi, picha 200 au 220, isimdanganye mtu. Ni hesabu ya picha za mnato zinazopigwa moja kila nusu dakika, nusu yake kwa flashi. Haisemi lolote kuhusu video. Kamera nyingi za mfukoni zenye betri ya aina hii zikitoa dakika 40 hadi 60 za video, zimejitahidi. Kuwasha na kuzima, kuvuta zumu na kutazama ulichorekodi huzipunguza zaidi.

Zile kamera za zamani zinazotumia betri za duara, kama Canon PowerShot za mfululizo wa A, zina vituko vyake. Betri za kawaida za dukani haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo kama kamera inavyotaka, kwa hiyo kamera huzikataa zikiwa bado zina uhai. Ndiyo maana betri iliyokataliwa na kamera huhamia kwenye redio ya babu na kuimba wiki nzima. Kwa kamera za namna hiyo zinafaa betri za kuchajiwa za nikeli. Volti yake inasomeka ndogo, 1.2 badala ya 1.5, lakini hazichoki haraka.

Dawa ya kwanza haina gharama: video za barabarani zipigwe kwa simu, na kamera ikae begini mpaka bibi akae kwenye mkeka. Dawa ya pili ni kuwa na betri mbili au tatu. Madukani zipo za jina geni zilizoandikwa mAh nyingi ajabu kwa umbo lile lile dogo. Namba hizo hazipaswi kuaminiwa. Betri ijaribiwe nyumbani kwa kurekodi ukuta mpaka izime, na dakika zake ziandikwe juu yake kwa kalamu. Anayejua kwamba betri yake ni ya dakika 35 hatashtukizwa katikati ya mafuriko. Atasema, "Bibi, subiri kidogo," abadilishe, na bibi atasubiri. Jambo moja ni la hatari: betri isichomolewe wakati taa ya kuandika kwenye kadi inawaka, maana faili lililokuwa linafungwa linaweza kuharibika lote.

Mwanga wa kioo upunguzwe na kukaa kuwe kivulini. Juani mtu huongeza mwanga wa kioo ili aone, na hapo chaji inakwenda mbio. Joto nalo lina ubaya wa aina mbili: kamera ikipata moto sana hujizima yenyewe hata chaji ikiwepo, na betri iliyozoea kuachwa juani kwenye dashibodi huzeeka kabla ya wakati wake.

Kuchaji ndiko kwenye mtihani. Kamera nyingi za umri huo hazichajiwi kwa waya wa simu. Zina chaja yake ya ukutani, na ndiyo ile inayosahauliwa Dar es Salaam. Mjini Kibiti umeme wa gridi upo, lakini nyumba yenye sola ndogo ya taa na simu huwa haina soketi ya chaja hiyo. Wajanja hubeba chaja ya kobe, ile iliyokuwa ikibana betri za simu za zamani. Hubana pia betri bapa ya kamera yenye volti 3.7. Kobe hasomi joto la betri, hivyo asiachwe peke yake usiku kucha. Betri ikipata moto, itolewe.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mto Rufiji, uleule uliowahamisha watu, sasa una Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwanzoni mwa mwaka 2024, na Aprili ya mwaka huo huo maji yakajaa tena mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mzee aliyeyaona ya 1968 na haya ya juzi ana mengi ya kulinganisha, na mjukuu wake anahangaika na wati-saa 3.

Familia zenye ndugu visiwani huendelea na safari. Hurudi Bungu, hushika njia ya Nyamisati, na huko hupanda boti kuingia deltani katikati ya mikoko. Huko ndiko mkono huwasha kamera bila kufikiri, kwani kila kona ya mto ni picha. Betri moja itengwe kwa ajili ya maji, izime ikitaka. Zile nyingine zifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi, chini ya nguo.

Na kuna mahali ambapo chaji ikiwa imejaa pomoni haisaidii kitu. Wanawake wakiingia ndani kwa shughuli ya mwali, kamera inabaki kwa shangazi nje. Kijana asiulize mara mbili.

Mkirudi mjini, nakilini video zote mahali pawili siku hiyo hiyo. Betri zitolewe ndani ya kamera zikiwa na chaji kama nusu, zikae mahali pa baridi, kisha zichajiwe tena kabla ya safari ya msimu wa korosho.