PASTA, UMEPIGA MSUMARI MAHALI PA GUNDI



Nyumbani kwetu hapa Malindi tuna viti viwili vya plaiwudi iliyopindwa, vile vya kupangwa kimoja juu ya kingine. Mama watoto alivinunua hoteli moja ilipokuwa ikiuza vyombo vyake. Masika yaliyopita bati lilivuja usiku, na mgongo wa kiti kimoja ukafumuka tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa.

Nilikuwa na haraka. Nikachukua nyundo na misumari minne, nikapiga. Kufikia jioni ufa ulikuwa umezidi.

Jirani yetu, mzee seremala wa Kigiriama, alikitazama akatikisa kichwa: "Pasta, umepiga msumari mahali pa gundi."

Akanieleza. Plaiwudi si ubao mmoja. Ni tabaka nyembamba zilizopakwa gundi na kubanwa kwenye kalibu mpaka zikashika umbo. Maji yakiingia, gundi huachia, na kila tabaka hutaka kwenda njia yake. Msumari hushika pale ulipopita tu, pengine hupasua.

Tukang'oa misumari. Tukakiacha kivulini siku tatu, maana gundi ya mbao haishiki vizuri penye maji, na jua kali lingezidi kukikunja. Tukakwangua gundi kuukuu kwa msasa, tukapenyeza mpya kwa kisu chembamba mpaka ndani kabisa. Kisha mzee akalaza mgongo wa kiti kibovu juu ya mgongo wa kile kizima, akaweka nailoni katikati visigandane, akavifunga kwa tyubu ya baiskeli. "Usiguse mpaka kesho saa kama hii."

Mpendwa, usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikimuwaza kijana wangu wa kwanza. Mwaka jana alikosea, nikamsema mbele ya wageni, na aya za Biblia juu yake. Akahamia Mombasa. Miezi saba hatukuongea. Nilijiambia nimesimamia kweli. Kumbe nilipiga misumari.

Wagalatia 6:1 inatuagiza kumrejesha aliyeanguka kwa roho ya upole. Neno la Kigiriki lililotumika pale, katartizo, ndilo linalotumika Mathayo 4:21 kwa wana wa Zebedayo wakitengeneza nyavu zao. Nenda Mayungu uwaone wavuvi wakishona nyavu. Hakuna anayeshika nyundo.

Asubuhi nikampigia simu. Sikuhubiri. Nilisema, "Mwanangu, nisamehe kwa maneno ya siku ile." Akanyamaza sana. Halafu akauliza, "Mama hajambo?"

Hajarudi bado. Nangoja. Gundi ina saa zake.

Kiti sasa kinakalika, ila matundu manne ya misumari yamebaki mgongoni, na kila nikipita nayaona.

Wewe unayesoma, ni nani uliyempigia msumari? Mke? Mkwe? Muumini aliyeacha kuja ibadani? Usimtumie mahubiri. Kama wewe ni mzima, sogea karibu naye ukae naye, mpaka apate umbo tena.

Tuombe: Bwana, nitoe nyundo mkononi. Nipe upole na subira ya kungoja. Kwa jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha piga hiyo simu.