Kioo Kilichochoka

Kila chombo kina umri wake, na umri huo hauhesabiwi kwa miaka peke yake bali kwa kazi kilichoifanya. Jicho la mashine ya mchezo ni kioo chake. Kikififia, mchezo ungali hai ndani lakini haumfikii mchezaji, mfano wa mwenye hekima aliyepotewa na sauti.

Katika utoto wangu mjini Meru palikuwa na chumba cha michezo karibu na soko. Runinga yake ilikuwa yenye mgongo mkubwa, nasi watoto tulilipa shilingi chache tukacheza kwa zamu. Karo ya watoto wa mwenye chumba ilitoka katika kioo kile. Picha ilipoanza kutetemeka, watu walimshauri akitupe anunue kioo bapa. Shauri lilikuwa jepesi kwa wale ambao fedha haikuwa yao.

Aliitwa fundi mmoja kutoka Embu. Hakukimbilia kubadili, alieleza kwanza. Nyuma ya kioo hurushwa miale ya elektroni, nayo hupiga unga wa fosfori ulio mbele, unga ukang'aa mstari baada ya mstari. Ufundi huo ulianza kwa Ferdinand Braun wa Ujerumani mwaka 1897, na mchezo wa Pong uliutumia Marekani mwaka 1972. Kioo bapa huchora picha kwa njia nyingine. Kwa hiyo bastola ya mchezo wa Duck Hunt, uliotoka Japani mwaka 1984, huwa kipofu mbele yake, kwa kuwa hutegemea kuiona nuru kwa wakati wake hasa.

Kisha akautoa umeme uliolala ndani, maana kioo cha namna hiyo huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Msomaji, usikifungue chombo hicho bila mwalimu. Alikuta kapasita chache zimekauka, akaziweka mpya kwa gharama ndogo. Picha ikatulia, karo ikalipwa.

Sisemi kwamba cha kale hakibadilishwi kamwe. Fosfori ikiisha kuungua, alama ya picha hubaki kama kovu, na hakuna kapasita iponyayo kovu hilo. Viwanda vikubwa vimekwisha acha kutengeneza vioo hivyo. Hapo kioo bapa, pamoja na kifaa cha kugeuza mawimbi, ni msaada wa haki. Hata mwaka 2015, Kenya ilipoacha matangazo ya analojia, runinga kuukuu iliyopata kisimbuzi iliendelea kuonyesha picha. Na kioo kitupwacho hakipotei: ndani yake mna madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa udongo na maji.

Leo ni mkufunzi katika chuo cha ualimu, na vijana huniletea vyombo vingi wakisema vimekufa. Huwauliza kwanza, kabla bisibisi haijashikwa: kilichokufa ni kipi, na kilicho hai ni kipi? Ajuaye kujibu hilo atabadili kwa faida. Asiyejua atatupa kizima pamoja na kibovu, kisha atalipia vyote viwili.