Kaskazi ilivyochoma mitambuu ya Magogoni

NA MWANDISHI WETU

Msomaji, ikiwa hujawahi kuvuka Daraja la Nyali saa saba za mchana mwezi wa Februari, umebanwa ndani ya matatu ambayo dirisha lake limekataa kufunguka, basi usiseme unalijua joto la Mombasa. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka wa 1980 na kuchukua nafasi ya lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Ukishalivuka unapokewa na vumbi na makelele ya soko la Kongowea, kisha gari linashika njia ya Kisauni, na baada ya kusimama mara nyingi kuliko unavyotaka, utingo anagonga bodi na kukutangazia kwamba umefika Magogoni.

Magogoni hutaiona kwenye kadi za watalii. Hapa hakuna hoteli wala mchanga mweupe. Kuna nyumba za Kiswahili za vyumba sita, na katikati yake zinachomoza ghorofa mpya za kupangisha. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa ubavu, akina mama wenye karai za viazi, na watoto wanaotoka madrasa wakikimbizana. Asubuhi ukipita utanusa mahamri, na jioni utanusa mahamri tena.

Nilikwenda huko kwa ajili ya jani. Usinifikirie vibaya! Nilipomwuliza kijana mmoja kijiweni ni wapi kwa bibi mwenye kupanda majani nyumbani, alinitazama kutoka utosini hadi viatuni, akacheka, akaniambia kwamba jani hilo lina polisi wake. Ilinibidi nieleze haraka kuwa sizungumzii bangi, ambayo sheria ya mwaka wa 1994 imeipiga marufuku, bali tambuu. "Aah, kwa bibi wa tambuu! Sema hivyo basi."

Tambuu ni uungwana wa zamani katika pwani hii. Ibn Battuta alipotua Mogadishu mwaka wa 1331, kabla ya kufika Mombasa, aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo kama heshima ya mgeni, akapewa majani kumi. Hadi leo, harusi nyingi za Mji wa Kale na za bara hazikamiliki bila ya sahani hiyo. Hata hivyo, ni wajibu wangu kukukumbusha kwamba mwaka wa 2003 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa popoo inayotafunwa pamoja na jani husababisha saratani, na tumbaku ikitiwa humo hatari huzidi. Bibi mwenyewe huuza jani lakini hatafuni. Anasema meno aliyobakiwa nayo anayahitaji kwa mkate wa mofa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita uani, lakini usitarajie makubwa."

Niliyoyaona uani yalinisikitisha, kwani nilikuwa nimewahi kufika hapo Desemba 2023. Wakati huo mvua za El Nino, zile zilizoleta mafuriko pwani, zilikuwa zimeistawisha mitambuu 11 hata ikapanda miti na kufunika kamba za kuanikia nguo. Majani yalikuwa mapana kama kiganja, ya kijani iliyokoza. Bibi alikuwa tayari amekubali maagizo ya harusi tatu za mwezi wa Shaaban, ambao mwaka wa 2024 uliangukia Februari na Machi, kabla ya Ramadhani. Unajua jinsi watu wa pwani wanavyokimbilia kuoza kabla ya mfungo. Fedha hizo zilikuwa za karo ya chuo ya mjukuu wake wa kike.

Mwanzoni mwa Machi nilikuta majani ya manjano yenye kingo zilizokauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mitambuu sita ilikuwa imekufa kabisa.

Bibi hakulilaumu jua peke yake, na hapa ndipo nilipochukua kalamu. Mtambuu ni ndugu wa pilipili manga. Hutambaa juu ya mti mwingine, hupenda kivuli na unyevunyevu, na mizizi yake haiendi chini sana. Kwa miaka mingi mitambuu hiyo iliishi chini ya mkungu mkubwa. Januari mwanawe wa kiume aliukata mkungu ili apate nafasi ya kujenga chumba cha kupangisha, kwa kuwa kodi ya Sh4,000 kwa mwezi si kitu cha kuchezea. Mahali pa mti pakasimama ukuta wa bloki na paa la mabati.

"Jua tumeishi nalo," alisema. "Ni huu ukuta, mwanangu. Uguse."

Niliugusa. Ilikuwa saa moja unusu usiku na bado ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Msomaji, nadhani wengi wetu hukosea hapo. Hutazama juu tu, kumbe mmea huchomwa kutoka ubavuni pia, na ukuta uliolishwa jua mchana kutwa huutoa moto wake usiku, wakati ambapo mmea ungepumua. Mombasa mwezi wa Februari na Machi hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku haushuki sana chini ya 24. Na mwaka wa 2024 wenyewe ulikuja kuwa ndio wenye joto zaidi duniani tangu vipimo vianze kuwekwa.

Kisha kulikuwa na suala la maji. Mfereji ulikauka kwa siku kumi, mtungi mmoja wa mkokoteni ukawa Sh30, naye akaamua kunywesha mitambuu maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi. Maji huvukizwa na joto, chumvi hubaki udongoni, na kila siku mmea unakunywa chumvi kali kuliko ya jana. Zile kingo zilizokauka zilikuwa dalili ya hilo. Alipoona majani yananyauka, aliongeza maji, ya kisima kile kile, na saa sita mchana, kwa mpira mweusi uliolala juani. Yale ya kwanza kutoka, anasema, ungeweza kuyatia majani ya chai. Akaongeza samadi mbichi ya mbuzi, akidhani mimea ina njaa. Hiyo ndiyo iliyomaliza mizizi.

Harusi moja tu ndiyo iliyopata majani. Nyingine mbili alizirudishia rubuni zao. Karo ililipwa nusu, na mjukuu akakosa muhula.

Nilirudi mwezi wa Juni, baada ya masika. Mitambuu mitano iliyosalia ilikuwa imetiwa makumbi ya nazi shinani ili kuhifadhi unyevu. Juu yake palikuwa na chanja la makuti, na makuti mengine yalikuwa yameegemezwa ukutani. Bibi alikuwa amekata pingili kutoka kwa ule wenye nguvu na kuzipandikiza kwenye makopo, upande wa mashariki wa nyumba, ambako hupata jua la asubuhi tu. Mapipa mawili yalikuwa chini ya mfereji wa paa, yamejaa mvua. Siku hizi huchuma alfajiri, umande haujakauka, na kufunga majani kwa jani la mgomba lililoloweshwa.

Mjukuu alikuwa amerudi chuoni, akidaiwa. Chumba kilikuwa kimepata mpangaji, kijana anayefanya kazi bandarini zamu ya usiku. Nilimkuta amelala nje juu ya mkeka, mchana, karibu na makopo ya mitambuu. Aliniuliza kama nilikuwa naujua mti ambao, kwa alivyosikia, ulikuwa umesimama pale zamani, na ni nani aliyeukata.